Kuti la Simson

"Nimeshafunga njia, shemeji. Piga kelele mpaka jioni, kuti halisikii."

"Njia ipi?"

"Ya mtoni," Simson alisema. "Na kila kilichopo kuanzia mtoni mpaka hapo ulipokaa. Nyumba, shamba, mtu."

Dorkas aliendelea kukoroga sago, ule uji mzito wa wanga wa mti, kwenye beseni. Mkono ulikwenda kasi kuliko sago ilivyotaka.

"Na mtu," alirudia.

"Na mtu. Marehemu kaka yangu alikuoa kwa mahari ya vitambaa vya kale vya ukoo huu, si vya dukani. Alipofariki hukurudi kwenu. Basi wewe ni wa hapa. Ukitaka mume, mume yupo."

"Yuko wapi?"

"Si unamwona?"

"Ninayemwona ana mke anaitwa Marta."

Kwenye kona ya baraza, Mama Ribka, mama yake Simson na mama mkwe wa Dorkas, alitema mate mekundu ya tambuu kati ya mbao za sakafu.

"Na huyo Marta mwenyewe anakula kwa jirani," alisema.

"Mama, haya ni mambo ya wanaume."

"Nilizaa wanaume wawili, Simson. Mmoja nimemzika. Namtafuta wa pili."

Simson alikuwa amesimama chini ya ngazi, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi kabla haijaitwa. Na kwa kweli karata aliyokuwa nayo ilikuwa nzito. Serikali ilipotangaza wilaya nzima kuwa ya kuhifadhi msitu, ilileta mabango ya bati. Mabango yameshika kutu, vijana wanaanikia nguo. Lakini kuti changa likifungwa kukatiza njia, na kitambaa chekundu katikati, hakuna anayeingia kuchukua hata tunda lililooza, mpaka aliyelifunga alishushe mbele ya watu.

Simu ikalia kwenye nguzo ya tatu ya baraza. Hapo ndipo penye mtandao. Ukiisogeza simu kiganja kimoja, umempoteza mtu. Kwa hiyo inakaa humo humo kwenye mfuko wake wa nailoni, spika wazi, na mazungumzo yako ni ya kijiji kizima.

"Pokea," Simson alisema. "Na sisi tupate faida."

Dorkas akabonyeza kwa kidole chenye sago.

"Dorkas, niko mtoni na wageni. Kuna kuti hapa."

"Najua. Vuka."

Mto ukasikika kwenye simu, kisha sauti ya Melkianus, pole pole.

"Sivuki."

Simson akapiga paja lake na kucheka.

"Melkianus, nisikilize," Dorkas alisema. "Uliniambia leo unakuja kuniposa kwa mama mkwe wangu. Nimepika tangu alfajiri. Nimevaa gauni la kanisani na leo si Jumapili. Sasa unasimamishwa na jani?"

"Mwezi uliopita niliwarudisha vijana waliokuwa wanawinda ndege wa paradiso. Niliwarudisha kwa kuti kama hili hili. Nikawaambia haijalishi aliyelifunga ni nani. Mimi nikilivuka leo kwa mapenzi, kesho wao watalivuka kwa njaa. Msitu utabaki na nini?"

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Hilo sijui. Ila siondoki hapa."

"Kusimama, hata mti unasimama."

Akakata. Mwaka mzima mwanaume huyo alikuwa akileta wageni wanaotazama ndege, wanalala kwa Dorkas, na usiku wao wawili wanabaki jikoni wakibishana kuhusu chumvi. Hakuwahi kumshika hata mkono bila kuuliza. Dorkas alikuwa ameupenda ubishi huo kuliko alivyojua. Na sasa adabu ile ile ndiyo iliyomgandisha ng'ambo.

"Umemsikia mwenyewe," Simson alisema, akipanda ngazi. "Mwoga. Jioni nahamia. Wageni wa ndege nitawapokea mimi, chumba cha mbele ndicho kizuri. Wewe utapika. Unapika vizuri, hilo siwezi kulikataa."

Akanyoosha mkono kwenye mkungu wa ndizi ulioning'inia mlangoni, akachuma moja, akaimenya, akauma.

Dorkas aliutazama ule mkono. Akaitazama ile ndizi. Mwiko ukasimama kwenye beseni.

"Rudisha ndizi."

"Nini?"

"Umesema nyumba, shamba, mtu. Kila kilichopo. Ndizi hiyo ni ya shamba, imetundikwa kwenye nyumba, na aliyeitundika ni mtu. Umefunga vyote, Simson. Rudisha."

Simson akaacha kutafuna. Akamgeukia mama yake. Mama Ribka naye alikuwa ameacha kutafuna.

"Anayelala ndani hula cha jikoni," Mama Ribka alisema. "Aliyefunga hagusi. Baba yako alipofunga msitu ili nguruwe wazaane, alipita katikati ya nguruwe akienda kula viazi. Hukufundishwa?"

"Mama, ni ndizi moja tu."

"Ameuma," Mama Ribka aliwaambia majirani, ambao kwa simu ile walikuwa wameshajaa uani. "Mmeona wote. Ameuma kabisa."

Mtu akacheka nyuma. Simson akaishika ile ndizi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Dorkas hakucheka. Alikwishaingia ndani. Alitoka na sufuria ya samaki, sahani moja, gauni lake la pili na kijinga cha moto; kijinga mkononi, vingine kwenye mfuko wa kamba aliouning'iniza kichwani, beseni la sago kiunoni. Akashuka ngazi.

"Unakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Nyumba hii ukiiacha, hurudi."

"Nyumba hii niliijenga na kaka yako, mbao nilibeba mimi. Nalala humo siku utakayoshusha kuti lako. Mpaka hapo hata wewe huingii. Kaa uani, tazama chumba cha mbele."

Njia ya mtoni ni nyembamba, na watu walimfuata kwa mstari, Mama Ribka akiwemo, Simson akizungumza nyuma ya Dorkas. Melkianus alikuwa pale pale ng'ambo ya kuti, kitambaa cha kale cha mama yake begani, wageni wake wawili wamekaa juu ya mabegi.

"Usilifungue, Dorkas," alisema.

"Nani kakwambia nafungua?"

"Akiondoka na wewe ni wizi," Simson alifoka. "Unachukua cha ukoo."

"Tazama mikono yake," Dorkas alisema. "Hajagusa kitu. Hanichukui, Simson. Natoka."

Akainama, beseni kifuani, akapita chini ya kuti. Hata uzi mmoja haukutikisika. Akasimama upande wa pili na kuweka mzigo chini.

"Nilisema hata mti unasimama," alimwambia Melkianus.

"Nilisikia."

"Basi. Hapa kwetu tunalinda miti. Leta kuni."

Alileta. Dorkas akawasha moto pale pale, hatua chache kutoka kwenye kuti, mchana, mbele ya watu wote. Kila aliyekuwepo alijua maana yake: mjane akimpikia mwanaume nje ya ardhi ya mumewe, wakala sahani moja, wameoana, hakuna tena cha kujadili.

Melkianus akavua kitambaa begani, akakaribia kuti bila kuligusa.

"Mama Ribka, hiki nilikuletea wewe. Ni cha kumshukuru marehemu na nyumba yake. Siwezi kuvuka."

"Kuti linakataza kuchukua," Mama Ribka alisema. "Kuleta halijakataza. Nipe."

Akanyoosha mikono juu ya jani, akakipokea, akakikunjua, akakinusa, akatazama pindo kwa jicho moja.

"Cha zamani," alisema, akajitanda. Ukoo ulikuwa umepokea. "Simson, kamtafute nguruwe. Huwezi kulishusha hilo bila nguruwe, na faini ya ndizi ni nguruwe wa pili."

Moto ulikuwa umeshika. Dorkas akamwaga mchuzi wa samaki kwenye sahani, akazungusha sago kwenye njiti mbili mpaka ikajikunja, akainua donge likitoa mvuke.

Melkianus alitazama umati, akamtazama Simson, akatazama donge.

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo. Fungua mdomo."

Akafungua.