Mtoto Asiyemlilia Mtu

Asubuhi ile nyumba ya kinyozi ilikuwa imetulia. Mke wake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, mguu ukikanyaga taratibu. Kinyozi mwenyewe alikuwa ameinamia beseni uani, akiosha brashi yake ya kupangusia nywele shingoni mwa wateja. Na katikati ya mkeka, mikono juu ya magoti kama bibi kizee anayesubiri kuhudumiwa, alikaa mtoto wao mpya.

Ninasema mpya, ndugu zangu, kwa maana hata wiki alikuwa hajamaliza pale ndani. Wawili hawa waliishi katika ndoa muda mrefu bila mtoto. Waliomba, wakatibiwa, wakaomba tena. Mwishowe walikwenda kwenye makao ya watoto, wakafuata utaratibu wote, wakapewa msichana wa umri wa kutembea na kuanza kusema. Kwa jinsi alivyopenda kukaa kama bibi kizee, kinyozi alimwita Kibibi, na jina likamganda.

Siku ya kumchukua, afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, aliwaambia jambo moja tu.

"Wiki hizi za mwanzo, kumlisha ni ninyi. Kumwogesha ni ninyi. Akitaka kubebwa, mbebeni ninyi. Wengine wamsalimie kwa mbali."

"Mpaka lini?" kinyozi aliuliza.

"Mpaka ajue wa kwake ni nani."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa, kama tunavyoitikia sote tukisomewa masharti huku mkono umeshashika kalamu.

Sasa, asubuhi ile tulivu, hodi ikapigwa. Dada mkubwa wa kinyozi, muuza vyombo vya plastiki sokoni, hakungoja kukaribishwa. Aliingia na ndoo nyekundu ya zawadi mkononi, na nyuma yake majirani, mstari mzima.

"Wifi, mnatuficha mtoto?"

Kabla mshonaji hajajibu, Kibibi aliinuka, akatembea moja kwa moja hadi kwa shangazi yake, akanyoosha mikono. Akabebwa. Akapokezwa jirani wa kwanza, akacheka. Akapokezwa wa pili, akacheka vilevile. Alizunguka chumba kizima kama sahani ya karanga.

"Haogopi mtu huyu," jirani mmoja alisifu. "Wangu mimi, akimwona mgeni anapiga yowe utadhani amefinywa."

Mshonaji alisogea. "Wifi, samahani. Tuliambiwa kwa siku hizi tumbebe sisi wawili tu."

"Nani kawaambia?"

"Mama wa ustawi."

"Basi mimi shangazi mtu nimwangalie kwa darubini?"

Chumba kizima kilicheka. Mshonaji alimtazama mumewe, aliyekuwa ameingia kutoka uani. Kinyozi aliitazama brashi yake. Kumfungia dada yake mlango ilikuwa aibu asiyoweza kuibeba. Na tuseme kweli, sifa zile zilikuwa tamu.

Basi mlango ukabaki wazi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilirundikana mezani, kwa hiyo mshonaji alipozidiwa, kinyozi alimchukua mtoto kwenye kibanda chake cha kunyolea. Kule Kibibi alikuwa sherehe. Wateja walimpa biskuti, walimrusha juu, walimpakata huku wakinyolewa. Na kila aliyekaa kwenye kiti kile cha kuzunguka, Kibibi alimwita jina moja: "Baba."

"Kinyozi, umeporwa," mteja mmoja alitania. "Ninyoe haraka, niondoke na mwanangu."

"Chukua," kinyozi alijibu, "lakini na nepi ufue wewe."

Fundi viatu wa kibanda cha jirani alimwambia, "Mwenzetu umejiwekea thawabu. Tena Mungu kakupa mtoto asiyesumbua." Kinyozi alitabasamu siku nzima. Jioni, walipopiga magoti pamoja kusali, alimshukuru Mungu kwa mtoto mwepesi. Mkewe aliitikia amina, lakini ilichelewa kutoka.

Alikuwa na sababu. Siku iliyotangulia, akiwa nyumbani, Kibibi alianguka kwenye ngazi ya uani, goti likachubuka hadi damu. Hakulia. Alilitazama goti, akalifuta kwa kiganja chake mwenyewe, akaendelea na safari.

"Shujaa," kinyozi alisema alipoambiwa.

"Baba Kibibi, mtoto akiumia hutafuta mtu. Huyu hakunitafuta. Hata kichwa hakugeuza, na mimi nilikuwa palepale."

"Unamtafutia ugonjwa mtoto mwenye afya."

Ewe msomaji, nyumba ngapi zimepata taabu kwa sababu mmoja aliona na mwingine akacheka?

Jumamosi iliyofuata kibanda kilijaa. Dereva mmoja wa lori, mtu wa kupita asiyejulikana na yeyote pale, alinyolewa, akalipa, akaenda zake. Kinyozi aliendelea na kichwa kingine. Alipozima mashine alinyoosha mkono kuchukua brashi kwenye benchi, mahali Kibibi alipokuwa akiichezea. Brashi ilikuwapo. Mtoto hakuwapo.

Alitazama chini ya benchi, nyuma ya pazia, nje. Wateja wakatawanyika, hata yule aliyenyolewa upande mmoja akakimbia na shuka shingoni. Fundi viatu akatupa nyundo. Kinyozi alipita kila duka akiuliza, "Mmemwona mwanangu?" na kila mwenye duka alimjibu kwamba alimwona asubuhi, akiwa amebebwa na fulani, na fulani, na fulani. Hapo ndipo alipojua kwamba mtaa mzima ukimwona mtoto mikononi mwa mtu yeyote, hakuna atakayeshtuka.

Alikuwa anaomba kwa sauti, bila kujua kwamba anaomba, alipomwona dereva akirudi kutoka maegesho. Kibibi alikuwa ameshika kidole chake.

"Huyu ni wako?" dereva aliuliza, uso umembadilika. "Nafungua mlango wa gari, nahisi kidole kimeshikwa. Nikamwuliza, baba yako yuko wapi?"

"Akasemaje?"

Dereva aliona haya kujibu. "Akanionyesha mimi."

Kinyozi alichuchumaa, akafungua mikono. Kibibi alikuja. Alikuja akicheka, kwa furaha ileile aliyomwendea nayo shangazi, na jirani, na dereva. Haikuzidi hata chembe. Kinyozi alimkumbatia, akahisi amekumbatia mtoto wa mtu ambaye bado hajafika.

Nyumbani alimweleza mkewe yote. Mshonaji alisikiliza huku mkono umekamata ukingo wa meza.

"Tutamwambia mama wa ustawi," alisema mwishowe.

"Atamchukua. Hatujakabidhiwa kabisa bado, wajua."

"Najua. Lakini usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Sitamlea kwa kumficha."

Wakasali, na safari hii kinyozi hakuwa na maneno mazuri. Alisema tu, "Mungu wangu, nilimbeba kama kikombe cha mashindano. Nifundishe kumbeba kama mtoto." Kisha akapiga simu.

Mama wa ustawi alikuja, akakaa mkekani. Kibibi alimpandia mapajani mara moja. Yeye alimgeuza polepole, akamkabidhi kwa mshonaji, ndipo akazungumza.

"Kule makao walezi wanampenda. Ila ni wa zamu. Huyu anavua aproni, mwingine anafunga yake. Mtoto akajifunza kumchekea kila mtu mzima, maana hajui nani atakuwapo kesho. Na kulia akaacha. Kulia ni kumwita mtu, na yeye hakuwa na mtu wa kumwita."

"Tulidhani ni tabia njema," kinyozi alisema.

"Kila mtu hudhani hivyo."

"Utamchukua?"

Mama yule alitikisa kichwa. "Nikimchukua nitamwongezea zamu nyingine. Abaki. Lakini safari hii fungeni mlango."

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenda sokoni kwa dada yake. Kinyozi alimkuta amezungukwa na mabeseni.

"Kwa hiyo mimi mchawi," dada alisema baada ya kusikia.

"Wewe ni dada yangu. Ndiyo maana nimeanza na wewe."

"Nilikubeba mgongoni wiki nzima ukiwa na surua. Leo mwanao ana masharti."

"Nivumilie, dada. Nakuomba."

Dada akarudi kupanga mabeseni yake. Tangu siku hiyo, kila alipopita pale nyumbani alisimama na kuusalimu mlango. "Hujambo, mlango? Wenyeji wako wazima? Wasalimie." Kisha akaenda zake. Majirani walicheka, wengine wakasema kinyozi anaringa na mtoto wa kupewa. Yalimuuma. Hata hivyo alifungua kibanda nusu siku tu, na wateja wasio na subira wakahamia kwa mwenzake wa barabara ya pili.

Nanyi msidhani Mungu aliwapa raha papo hapo. Kibibi aliharibika, au ndivyo kinyozi alivyoona. Yule mtoto mwepesi alianza kutema uji. Alirusha kikombe. Siku moja alimng'ata baba yake mkono wakati wa kuoga, kisha akamtazama machoni akisubiri kitakachofuata.

"Tumemharibu," kinyozi alisema, akipuliza mkono.

"Ametuzoea," mkewe alijibu. "Mgeni hatupi kikombe cha watu."

Kwa hiyo waliokota kikombe. Alipoanguka walimwinua hata kama hakulia, wakampuliza, wakamwambia, "Pole mwanangu, umeumia," ili ajue kwamba maumivu yake yana watu. Na kila baada ya kuoga kinyozi alimpangusa shingo kwa brashi safi, taratibu, kama mteja mheshimiwa. Kibibi aliinua mabega akicheka, kisha akanyang'anya brashi na kumpangusa baba. Puani.

Ikafika asubuhi moja kinyozi akaikosa brashi. Alitafuta mfukoni, uani, chini ya cherehani.

"Mama Kibibi, brashi yangu hujaiona?"

"Mwulize mteja wako."

Kibibi alikuwa mkekani, mikono juu ya magoti, uso mkavu kabisa. Brashi ilichungulia chini yake. Alikuwa ameikalia.

"Bibi, inuka. Baba anakwenda kazini. Jioni narudi."

"Hapana."

Kinyozi aliivuta polepole, akambusu utosini, akaenda mlangoni. Ndipo sauti ikatoka. Ilianza kwa kukwama, kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji, ikakohoa, kisha ikafunguka yote. "Baba!" Kibibi alimkimbilia, akaukumbatia mguu wa suruali, akalia hadi mwili mzima ukatikisika.

Majirani walitoka mbio. Shangazi, aliyekuwa anapita kwenda sokoni na kuusalimu mlango kama kawaida, aliangusha mabeseni yote barabarani.

"Mmemfanya nini mtoto?"

Walimkuta kinyozi amekaa kizingitini, mtoto shingoni, wote wawili machozi yanawatiririka.

"Hatujamfanya kitu," alisema. "Ananililia mimi, dada."

Kwa mazoea dada alinyoosha mikono. Kibibi aliiona, akauficha uso wake shingoni mwa baba na kumkaza zaidi. Shangazi alishusha mikono taratibu, akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Haya," alisema. "Nitakuja na darubini yangu."

Siku ile brashi ilibaki nyumbani na Kibibi. Kinyozi alipangusa wateja kwa taulo, na aliyelalamika aliambiwa ajipulize mwenyewe. Jioni alirudi pamoja na fundi viatu. Kibibi alikuwa kizingitini, brashi mkononi. Alimtazama fundi viatu, akampita. Akaenda kwa kinyozi, akampa brashi.

"Baba," alisema, na safari hii hakukuwa na mwingine aliyeitwa.

Funzo

Ndugu zangu wa mtaa, hadithi hii haisemi kwamba upendo wa majirani ni mbaya. Shangazi yule leo anambeba Kibibi kila Jumapili, tena Kibibi mwenyewe ndiye anayemwendea. Inasema kwamba kila jambo lina zamu yake. Mtoto aliyepita mikononi mwa wengi anahitaji kwanza mikono michache isiyobadilika. Mkiona jirani amefunga mlango kwa ajili ya mtoto kama huyo, msimwite mwenye maringo. Mpelekeeni chakula, mkiache kizingitini, mrudi nyumbani mkamwombee.

Nanyi mnaolea, msimtembeze mtoto ili msifiwe. Mkishauriwa na anayejua, msiitikie kwa kichwa tu. Mkikosea, semeni mapema kama mshonaji alivyotaka, hata kama mnaogopa kunyang'anywa. Na msiharakishe kusifu ukimya wa mtoto, bali mwombeni Mungu awape masikio ya kuusikia. Siku atakapowalilia ninyi, msimnyamazishe upesi. Mshukuruni Mungu kwanza, kisha mbebeni.