Jina Lililotakiwa Kufutwa

Diski ilikuwa imeng'olewa kwenye kompyuta ya duka la jumla la Hamse, Pumwani, na mlinzi Luseno alikuwa ameshatiwa pingu. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

"Funguo anazo yeye," Hamse alisema. "Afande, mpeleke tu ndani."

Inspekta Asenath Lusweti aliinama kukagua kitasa cha mlango. Duka hili alilijua tangu utotoni, akitumwa sukari kutoka Shauri Moyo. Mzee Mumin, babake Hamse, aliifunga kwenye gazeti, kisha akamtia peremende mkononi. Mzee alishafariki.

"Kitasa hakikuvunjwa," alisema. "Pesa zimeguswa?"

"La."

"Diski ina nini?"

Aliyejibu ni Ladan, fundi wa programu aliyeletwa na Hamse. "Mwongozo wa marejeo. Programu za mauzo, ghala na risiti zinatumia majina yaleyale. Mwongozo unaonyesha kila jina linatumika wapi, ukiligusa huku usiharibu kule."

"Na bila huo mwongozo?"

"Hatuwezi kufuta kitu. Leo tungewafuta wateja wasiolipa."

"Nani alijua?"

"Tuliongea jana tukinywa chai. Mimi, Hamse na mamake. Luseno hakuwa ameingia zamu."

"Wa kwanza kufutwa alikuwa nani?"

"Mumin fulani. Kila asubuhi anachukua sukari, halipi kamwe."

Hamse aliinamisha uso. "Niliidhinisha bila kuuliza majina," alisema.

Asenath alipita hadi ua wa nyuma. Bilan, mamake Hamse, alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Luseno ana watoto. Leo atalala rumande."

Ungo ulitua. Bilan alichomoa diski chini ya mto wa kiti chake.

"Mfungueni. Ni mimi. Ufunguo wa akiba ninao."

"Kwa nini, mama?"

"Mzee alipofariki, nilimwambia karani mauzo ya kwanza ya kila siku yaandikwe kwa jina lake. Ni sadaka, kilo ya sukari kwa maskini wa kwanza kufika. Risiti naichukua mimi. Nikishalisoma jina lake, ndipo siku yangu huanza. Jana mwanangu akasema asiyelipa afutwe."

"Si ungemwambia tu?"

"Sadaka ukiitangaza umeipoteza. Nikanyamaza, nikaiba. Lakini Luseno sikumfikiria, Mungu anisamehe."

Hamse alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alirudi dukani, akasimama mbele ya Luseno na kumwomba radhi huku Asenath akifungua pingu. Mashtaka akayaondoa.

Huko uani, Ladan aliipokea diski kwa mikono miwili. "Niliandika jina linatumika wapi, mama," alisema. "Kwa nini linatumika, sikumuuliza mtu."

Hamse alirudi, akachuchumaa kando ya kiti cha mamake, macho yamelowa.

"Mama, kesho hiyo sukari naweza kuipima mimi?"

Bilan alimpangusa machozi.

"Ipime vizuri," alisema. "Babako hakuwa akipunja."