Bakteria Waliokula Oili ya Fundi

Fundi alikuwa na gereji nyuma ya nyumba yake. Kila alipobadilisha oili ya gari, ile chafu aliimwaga uani.

"Inatuliza vumbi," alisema.

Mwaka mmoja mkewe alitaka bustani ya mboga hapo uani. Hapakuwa na nafasi nyingine. Alipanda mara mbili, mbegu hazikuota. Mara ya tatu zilipokosa kuota tena, alikaa kizingitini akalia.

Fundi aliona haya. Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Akanunua dawa ya kusafishia choo, akaimwaga ua mzima.

"Shemeji, siku hizi unaosha udongo?" jirani yao aliuliza akicheka. Dada huyu alifanya kazi katika maabara ya kupima udongo.

"Naua vijidudu, shemeji. Nataka udongo usafike."

"Masikini, unawaua wafanyakazi wako! Udongoni kuna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Baadhi yao hula oili. Huivunjavunja mpaka sumu yake inapungua."

"Wanakula oili?" mke alishangaa. "Mimi harufu yake tu inanifukuza mezani!"

"Kila mtu na chakula chake, dada. Hao waliobaki watazaana. Wapeni samadi, hewa na maji kidogo. Na wewe shemeji, acha kumwaga oili mpya."

Fundi alinunua pipa lenye mfuniko. Oili chafu ikawa inaingia humo, na watu wa kiwanda cha kuisafisha wakaja kuichukua. Mume na mke walivaa glavu na buti, wakachanganya udongo na samadi. Kila wiki waliugeuza kwa jembe na kuunyunyizia maji. Wapita njia waliwatania kwamba wanalima hewa.

Baada ya miezi mitatu harufu ya oili ilipungua. "Tupande sasa?" mke aliuliza.

"Kawia ufike," jirani alijibu. "Oili chafu huwa na madini yenye sumu kama risasi, na bakteria hawayamalizi hayo. Lazima tupime kwanza."

Ilipotimia miezi tisa, jirani alikuja na karatasi ya maabara mkononi. "Oili imekwisha, na madini hayajazidi kiwango. Pandeni!"

Safari hii mbegu ziliota zote. Mke alifurahi mno. Siku ya kwanza ya kuchuma, alimpakulia mumewe sahani ya mboga. Fundi alionja kidogo, akaacha.

"Vipi, chumvi imezidi?"

"Hapana. Nawaza jinsi nilivyouharibu udongo wako miaka yote ile."

"Kula kwanza," mke alisema, akamwongezea mboga.