Meno Katika Mfupa

"Mfupa usivuke mji wa Kambu."

Mkuu wake alimaliza kusema redioni. Kanyiva, jasusi wa serikali, akakanyaga mafuta. Land Cruiser yake ikaipita gari ndogo, Probox nyeupe, na kuikingia njia mbele ya vibanda vya vitunguu.

Bastola ya Glock ikatoka.

"Shuka, Nzioka."

Alimjua vizuri mno. Nzioka alilinda ghala la mifupa ya kale huko Kitui pamoja na Nyamai, kaka yake Kanyiva. Wiki iliyopita Nyamai alikutwa amekufa, risasi mgongoni, na mfupa wa dinosau wenye alama za meno, ulioletwa kutoka Turkana, ulikuwa umetoweka. Tangu siku hiyo Kanyiva alimsikia kaka yake akikohoa kiti cha nyuma. Hata sasa alikohoa.

Ndani ya buti: mifupa minne myeusi, inayofanana kama mapacha.

"Ni carving tu, sister," Nzioka akatabasamu. "Za watalii. Fundi wa Wamunyu ndiye alinichongea."

Redio ikakoroma. "Kama ni vinyago, mwachie. Na usiguse kisu. Ukikwaruza alama za meno, ushahidi umeenda."

Kanyiva akainua mmoja mmoja. Yote mizito; ile ya mbao lazima ilitiwa chuma ndani. Yote ilikuwa na mifereji ya meno. Akaogopa kweli. Yaani muuaji aende zake akimpungia mkono?

"Kidole," Nyamai akamnong'oneza.

Akakumbuka siku aliyomtembelea kaka yake ghalani. Nyamai alimshika kidole, akakipitisha ndani ya mfereji. "Unasikia hivi vimistari? Meno ya dinosau aliyeutafuna yalikuwa kama msumeno, yaliparuza akinyofoa nyama. Na aliyeliwa hapa ni wa jamii yake mwenyewe."

Mfupa wa kwanza, laini. Wa pili, laini. Wa tatu vilevile. Fundi wa Ukambani hatoi kazi bila kuipiga msasa, hata umwambie nini, na fahari hiyo ndiyo iliyomponza Nzioka.

Wa nne ukamparuza kidole. Huu ndio halisi.

Pingu zikalia.

"Sister, ngoja! Mimi na Nyamai tumekula sahani moja!"

"Hata dinosau hawa walikula pamoja," Kanyiva akasema, akiukumbatia mfupa. "Kisha mmoja akamla mwenzake."

Alipowakabidhi polisi mtu wao, alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akatembea taratibu hadi garini na kufunga mlango. Akasubiri kikohozi.

Hakikuja. Hapo ndipo alipolia.