Mwalimu Asiyeimba Mstarini

—Mwalimu Hasina, hebu nijibu. Huyu Laurenti anaumwa koo au ana jeuri?

Hasina aliacha kusahihisha madaftari. Mwalimu Mkuu Praxeda alikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu, mikono kiunoni, na pale shuleni kila mtu alijua mikono hiyo ikishafika kiunoni siku imeharibika.

—Jeuri gani, Mwalimu Mkuu?

—Leo nimesimama karibu naye mstarini. Wimbo wa taifa watoto wameimba, hata mpishi wa uji kaimba. Yeye kimya. Na juma lijalo ndiye mwalimu wa zamu, ndiye wa kuanzisha wimbo, na Jumatatu tunatembelewa na afisa elimu. Nitamwambia nini mgeni?

Praxeda akashusha sauti.

—Au ni Shahidi wa Yehova? Maana wale hawauimbi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Hasina akadaka.

—Ndiyo, Mwalimu Mkuu. Ni Shahidi.

Jamani, mapenzi. Binti wa Tongoni, aliyehitimisha Kurani angali mdogo, anamtafutia mchumba wake dini ya tatu. Maana Laurenti alizaliwa Mkatoliki kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza, na Ijumaa hii alitarajiwa kusilimu mbele ya baba yake Hasina ili aruhusiwe kuoa. Ukweli wenyewe Hasina aliujua peke yake: Laurenti haamini kama Mungu yupo.

Aliujua tangu siku ya kwanza. Walikuwa msibani kwa mlinzi wa shule, watu wakainua mikono kwa dua, Laurenti mikono chini. Hasina, kwa kumsitiri asionekane, akamwambia, "Nishikie pochi." Akaishika mpaka watu wakasema amina. Wakaanzia hapo.

Mapumziko walikutana nyuma ya tangi la maji, na mihogo yao ya kukaanga.

—Kwa hiyo mimi sasa ni Shahidi, alisema Laurenti, akacheka. Kisha akaacha kucheka. —Hasina, nitasema kikaoni Ijumaa. Shule ni ya serikali, na serikali haina dini. Kwa nini wimbo wa taifa unifanye niombe? Lile neno "Mungu" litolewe.

—Laurenti, ni neno moja tu.

—Kama ni moja tu, likitoka halitamuuma mtu.

—Litaniuma mimi. Nikiwa nimechoka, mshahara umechelewa, baba anaumwa, naliimba lile neno asubuhi napata nguvu ya kuingia darasani. Utalitoa na kuniwekea nini?

Laurenti aliumega muhogo wake vipande viwili.

—Sikulijua hilo.

—Hujawahi kuniuliza. Wewe je, huwezi kulitamka tu likapita?

—Nilijaribu. Mama alipokuwa anaumwa nilipiga magoti mpaka yakaota sugu. Nikaona naongea peke yangu. Tangu hapo nikilitamka najiona namdanganya mtu.

—Na shahada ya Ijumaa je? Hiyo utaitamka?

—Kwa ajili yako nitaitamka.

Hasina aliuweka muhogo wake chini. Mtu asiyeweza kuuimba wimbo kwa kuogopa uongo, amekubali uongo mkubwa kuliko huo, tena uongo kwenye kitu anachokipenda Hasina kuliko vyote. Na aliyemwomba ni Hasina mwenyewe.

Tongoni habari haihitaji gari. Alasiri ile simu ya Hasina ikalia.

—Nasikia unaolewa na Shahidi, alisema Mzee Sele, baba yake.

—Baba, hilo nitakueleza.

—Njoo naye, anieleze mwenyewe.

Mzee Sele alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kuwashikisha mashahidi kitabu na kuwalisha yamini. Jioni hiyo aliwakaribisha barazani, bakora yake katikati ya magoti.

—Shikamoo, mzee.

—Marahaba. Kijana, dini yako?

Ndivyo alivyokuwa akiwauliza watu kizimbani. Hasina alimkanyaga Laurenti mguu. Laurenti akauvuta mguu wake.

—Sina dini, mzee. Si Shahidi, na Ukatoliki nimeuacha. Ijumaa nilikuwa nije kusema maneno nisiyoyaamini kwa sababu nampenda Hasina. Nimeona aibu njia nzima.

Mzee alimsukumia kikombe cha chai.

—Aliwahi kuja mmoja mahakamani akasema hana dini. Akathibitisha bila kitabu. Naye alikuwa mwongo vilevile.

—Ndiyo, mzee.

—Lakini wewe ungenidanganya Ijumaa, nikakuchinjia mbuzi na nikafurahi. Hukunidanganya. Ahsante kwa hilo. Ila nikahi haipo, mwanangu. Shahada ya uongo siipokei, na mwanangu simpi asiyeamini. Siwezi kuipindisha dini yangu kwa kuwa nimekupenda. Kunywa chai.

Hasina alilia jikoni, alilia chumbani. Baada ya isha ikaingia meseji.

"Nimeamua. Nitasilimu, nitamwambia baba nimeamini kweli. Sitaki umkose baba kwa sababu yangu."

Alimpenda zaidi kwa meseji ile. Akaandika huku machozi yanadondokea kioo cha simu.

"Ukisema hivyo sikutaki. Nilikupenda hivyo hivyo ulivyo, pochi mkononi. Tutafunga ndoa ya serikali bomani. Na baba nitamwambia mimi."

Alimwambia asubuhi. Mzee Sele alisikiliza, akasema neno moja tu, "Sitakuja," akageukia ukutani.

Ijumaa, kikaoni, Laurenti aliinua mkono.

—Mwalimu Mkuu, mimi si Shahidi. Mimi si wa dini yoyote. Nilitaka kuomba jina la Mungu litolewe mstarini. Mtu mmoja akanieleza linavyomshika asubuhi, kwa hiyo siombi tena litolewe. Naomba anayeamini aimbe, na asiyeamini asimame wima kwa heshima, anyamaze, na asichapwe. Awe mwalimu, awe mtoto.

Ofisi ilijaa manung'uniko. Praxeda alimgeukia Hasina.

—Ulinidanganya, Mwalimu.

—Nilikudanganya, Mwalimu Mkuu. Nisamehe. Nilimwonea haya, na hakuna la kumwonea haya. Zamu yake Jumatatu nitaanzisha wimbo mimi.

Praxeda alishika kiuno, akakiachia.

—Mtoto asichapwe, hilo nalikubali. Wimbo hauguswi. Na wewe Laurenti, mgeni akifika, simama nyuma ya mlingoti asikuone mdomo.

—Nitasimama mbele, Mwalimu Mkuu. Nitasimama wima.

Jumatatu Hasina alianzisha wimbo kwa sauti yake yote. Laurenti alikuwa mbele, mikono ubavuni, kidevu juu, amenyamaza. Mgeni alimtazama, akamtazama tena, kisha akaendelea kuimba.

Tangazo la ndoa lilipomaliza muda wake, walienda bomani Tanga mjini. Hasina alivaa gauni la rangi ya maziwa na mtandio, na macho yake hayakutoka mlangoni. Walitia saini. Mlango ulikuwa haujafunguka. Walipewa cheti, Laurenti akamshika mkono.

—Unajuta?

—Sijuti. Namtaka baba yangu tu.

Walipotoka nje, Mzee Sele alikuwa kwenye benchi la wageni, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi.

—Baba.

—Sikuja harusini, alisema. —Harusi hii siijui. Nimekuja kumwombea mwanangu. Kumwombea mwanangu hakuna aliyenikataza.

Akainuka kwa taabu. Hasina machozi yalikuwa yanamtoka, na pochi na cheti vimemjaa mikononi.

—Nishikie, alimwambia mumewe.

Laurenti akavipokea. Mzee Sele akawatazama wote wawili, na uso wake ukalegea kidogo. Akataka kuinua mikono, bakora ikamzuia. Akamnyooshea Laurenti.

—Na hii nayo nishikie, mwanangu.

Dua ya mzee ilikuwa ndefu, sauti ikimkatika njiani. Laurenti alisimama wima kati yao, kimya, pochi na cheti mkono huu, bakora mkono huu, mpaka waliposema amina.