Spika Iliyogeuka Sikio

Wimbi liliipiga boti yao ubavuni, injini ikakohoa, ikanyamaza. Celvin akarushwa juu ya redio; maiki ikasagika chini yake, na ncha ya bati ikamchana paja. Ednora, mjane wa kaka yake, akavua kitambaa cha kichwani na kulifunga jeraha kwa nguvu zote.

"Shemeji, unafunga mtu au mbuzi?"

"Mbuzi angenyamaza."

Walikuwa wametoka mji wa bandari wa Bilwi kupeleka spika mpya ya kanisa katika kijiji cha Sandy Bay, spika yenye mdomo mpana kama wa tarumbeta. Akina mama wa kanisa walikuwa wameapa kwamba neno la kwanza kupita humo litakuwa Neno la Mungu, siku ya kuiweka wakfu, na Ednora, mmoja wao, ndiye aliyekabidhiwa. Ili spika isibanwe, alilishusha pipa la maji ya kunywa ufukweni. "Safari yenyewe fupi," alisema.

Sasa upepo wa nchi kavu ulikuwa unawasukuma mashariki, na visiwa vya wavuvi wa kambakoche vilididimia nyuma yao kimoja baada ya kingine. Redio ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililowatesa. Waliwasikia wavuvi wakibishana nani kaunguza samaki, wakicheka. Ednora akapiga kelele hadi koo likamkauka. Bila maiki, nani amsikie?

Kesho yake mchana midomo ya Celvin ilikuwa imepasuka, na kitambaa kimelowa damu upya. Macho yake hayakutoka kwenye spika.

"Ifungue, shemeji."

"Haijawekwa wakfu."

"Ndani ina utando. Umeme ukiutikisa, inatoa sauti. Sauti ikiutikisa, inatoa umeme. Tuiunge palipokuwa na maiki."

"Niliapa, Celvin! Neno la kwanza..."

"Basi nikifa uwaambie niliiheshimu spika."

Ednora akatazama nyuma. Kisiwa cha mwisho kilikuwa chembamba kama uzi. Akaichana kwa meno nailoni iliyoifunika spika.

Celvin akazichuna nyaya za spika kwa kisu, akazisokota na zile za maiki iliyosagika. Nyingine mbili, zilizokuwa za kitufe cha maiki, akazigusanisha ili redio irushe sauti. "Ita!"

Ednora akautumbukiza uso ndani ya ule mdomo mpana. Alitaka kuanza na zaburi. Zaburi haikuja.

"Maji!" akalia. "Maji, jamani! Mwenzangu anavuja damu!"

Celvin akaziachanisha zile nyaya mbili ili wasikie jibu. Redio ikakoroma. Ubishi wa wavuvi ukakatika.

"Nani huyo anaongea kama yuko ndani ya sufuria?" sauti ikauliza. "Mama, jua mnaliona upande gani?"

"Linashuka juu ya kisiwa cha mwisho!"

"Msilale. Tunakuja."

Wavuvi waliwafikia giza likiingia. Celvin alinyweshwa ameshikwa kichwa. Ednora alikunywa baada yake, na spika hakumwachia mtu yeyote aibebe.

Siku ya wakfu, mchungaji alimpa Biblia asome neno la kwanza. Celvin alikuwa benchi la mbele, mguu kaunyoosha.

"La kwanza lilishapita, mchungaji," Ednora alisema. "Niliomba maji."

Hakusoma ukurasa aliowekewa alama. Akafunua hadi pale Bwana, akiwa msalabani, anaposema ana kiu, akausogeza mdomo kwenye maiki, na spika ikasema tena lile ambalo ilishalisema baharini.