Nyama Iliyoyeyuka kwenye Friza

Jenipher aliishi Mikumi na mumewe Maduhu na mapacha wao, Kulwa na Dotto. Tangu wanunue friji yenye friza, hakutupa tena chakula. Sufuria ya maharage aliiingiza ikiwa bado inafuka moshi. Nyama mbichi aliiweka juu yake kwenye sahani. Aliamini kitu kikishaingia kwenye friji hakiharibiki.

Mapacha walikuwa wanakaribia komunyo ya kwanza. Mama yake Maduhu alichinja ng'ombe kwake Munisagara, akawaletea paja zima kwa ajili ya sherehe. Jenipher alilikata vipande vikubwa, akavitia kwenye mifuko, akajaza friza. Kisha familia yote ikaenda msibani Mvumi.

Waliporudi baada ya siku tano, majirani waliwaambia kwamba umeme ulikatika tangu walipoondoka, na ulikuwa umerudi jana yake tu. Jenipher akakimbilia friza. Nyama ilikuwa ngumu kama jiwe. Akashusha pumzi. Dotto, kwa njaa ya safari, alichota maharage yaliyobaki kwenye friji kabla ya safari, akayala bila kuyapasha moto.

Asubuhi mtoto hakuweza kusimama. Alitapika na kuharisha mpaka macho yakadidimia. Jenipher alimbeba mgongoni hadi zahanati. Kila mara alimwita kwa jina, na kila mara Dotto aliitika kwa sauti ndogo zaidi.

Muuguzi wa zamu alikuwa jirani yao, Siwema. Alimnywesha Dotto maji ya ORS, yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, akamwuliza Jenipher mtoto alikula nini. Jenipher alieleza yote. Alipotaja umeme, Siwema aliacha kuandika.

"Na nyama ya sherehe iko wapi?" aliuliza.

"Iko kwenye friza. Imeganda vizuri."

"Usiipike kabla sijaiona."

Mchana Dotto alikojoa, akaomba uji. Siwema alisema hiyo ni dalili njema, akawaruhusu kurudi nyumbani. Lakini Jenipher hakutulia. Sherehe ilikuwa kesho, na wageni walikuwa njiani.

Jioni Siwema alifika kwao. Alitoa mfuko mmoja wa nyama, akaugeuza. Chini yake palikuwa na damu iliyoganda, bapa kama sahani.

"Hii damu ilitiririka kwanza, ndipo ikaganda," alisema. "Nyama iliyeyuka yote."

Maduhu alinusa. Alisema hainuki, na ikichemshwa sana itafaa. Tena ni nyama ya mama. Angemwambia nini?

"Baba Kulwa, friza haiui vijidudu, inavilaza tu," Siwema alimjibu. "Nyama ikipata joto vinaamka na kuzaana. Vingine huacha sumu isiyoondoka hata kwa moto. Ingekuwa bado ina barafu na baridi kali, ningewaambia mpike leo. Hii ilikaa kwenye joto. Mtawalisha wageni vijidudu kama vilivyomlaza Dotto?"

Maduhu alikwenda kuchukua jembe. Walifukia nyama yote shimoni, mbwa wasiifikie.

Siwema akawaonyesha namna ya kupanga friji. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko, isidondoshee chakula kingine. Chakula kilichopikwa kigawanywe kwenye vyombo vidogo, kipoe, kifunikwe na kuingizwa kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu kipikwe. Kiporo kipashwe moto mpaka kichemke. Nyama ya friza ikatwe mafungu ya kupikwa mara moja, na iyeyushiwe ndani ya friji, si mezani. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa muda wa saa nne hivi, na friza iliyojaa huweza kufikisha siku mbili.

Kesho yake mama mkwe alifika asubuhi. Jenipher alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyama iko jikoni?"

"Tumeifukia, mama. Iliharibika umeme ulipokatika. Dotto ameumwa. Nisamehe."

Jenipher hakuthubutu kuinua uso. Kisha bibi akampita, akaingia chumbani, akamkuta Dotto anakunywa uji. Alimshika paji la uso, akakaa kitandani kwa muda.

"Ng'ombe wengine wapo," alisema alipotoka. "Mjukuu huyu ni mmoja tu. Maduhu, kamata kuku."

Wageni walikula wali na kuku waliochinjwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeumwa.

Masika yalipoanza umeme ulikatika tena, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Maduhu alifunga mlango wa friji kwa kamba, na wote wakanywa maji ya mtungini. Umeme uliporudi, Jenipher aliingiza mkono kwenye friza, akabonyeza kila fungu la nyama. Yote yalikuwa magumu, na chini ya mifuko hapakuwa na damu. Akatoa fungu moja, akaliweka bakulini, akalifunika, akaliacha rafu ya chini liyeyuke kwa ajili ya kesho.